Mwongozo wa Kusomea Uchumi kwa Mwanafunzi wa Sigor

Matokeo ya KCSE yakishatoka na tovuti ya KUCCPS ya kuombea vyuo ikafunguliwa, vijana wengi wa Sigor, kaunti ya Bomet, huingia saiba wakiwa na orodha ya kozi waliyopewa na mtu mwingine. Ualimu, uuguzi, sheria. Uchumi hujazwa katika nafasi iliyobaki, kwa kuwa alama hazikufika sheria, au kwa kuwa mjomba alisema ni kozi ya kupata kazi benki. Kozi hii inastahili kuchaguliwa kwa makusudi. Anayeiingia bila kuijua huumia mwaka wa kwanza, na wengine huumia miaka yote minne.

Nitasema mapema ninavyoiona. Shahada ya uchumi ni shahada ya hesabu inayouliza maswali ya maisha ya watu. Ukiiondolea hesabu inabaki maoni, na maoni hayahitaji miaka minne wala mkopo wa masomo wa HELB. Ukiiondolea maisha ya watu, inabaki michoro ya mistari miwili inayokatana, ambayo utaisahau wiki moja baada ya mtihani. Kijana aliyekulia Chepalungu, eneo ilimo Sigor, palipo na maziwa na mahindi, na mashamba ya chai yakianza mwendo mfupi tu kupanda juu, amekua akiyaona maswali hayo tangu utotoni. Kilichobaki ni kujifunza kuyauliza kwa namba.

Kuchagua kozi na chuo

Usidanganyike na jina la kozi. Katika orodha ya KUCCPS utakuta Shahada ya Uchumi, Sanaa katika Uchumi, Uchumi na Takwimu, Uchumi na Fedha, Uchumi na Hisabati, Uchumi wa Kilimo, na nyingine zinazochanganya uchumi na siasa au sosholojia. Zote huitwa uchumi, lakini anayemaliza Uchumi na Takwimu na anayemaliza uchumi uliochanganywa na masomo mengine mawili ya sanaa hawatoki na ujuzi mmoja. Kama alama zako zinaruhusu, chukua ile yenye takwimu au hisabati ndani yake. Ni ngumu zaidi, na ndiyo itakayokufungulia milango mingi baadaye. Uchumi wa Kilimo nao usiudharau. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kina historia ndefu ya somo hilo, na Taasisi yake ya Tegemeo imekuwa ikifuatilia kaya za wakulima nchini tangu miaka ya 1990, ikirudi kwa familia zilezile baada ya miaka kadhaa kuona zimepanda au zimeshuka.

Kiwango cha chini cha kuingia shahada nchini ni C+, lakini hiyo ni ruhusa ya kuomba tu. Ushindani uko kwenye alama za kundi la masomo, zinazohesabiwa juu ya 48, na hapo gredi yako ya hisabati ina uzito mkubwa. Kila chuo huweka gredi ya chini ya hisabati kwa kozi zake. Isome kwenye tovuti ya KUCCPS, kozi kwa kozi, usiambiwe na mtu. Angalia pia alama alizokuwa nazo mwanafunzi wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliotangulia. Zimeandikwa hapohapo, na zitakuonyesha mahali pa kujaribu bahati na mahali pa kuwa na uhakika. Kama una mdogo wako kwenye mtaala mpya anayekaribia kuingia sekondari ya juu, mwambie leo asiikimbie hisabati kamili kwa kuchagua ile nyepesi. Atajifungia mlango huu kabla hajaufikia.

Vyuo ni vingi: Nairobi, Kenyatta, Moi chenye skuli yake ya biashara na uchumi Eldoret, Maseno, Egerton. Karibu na nyumbani kiko Chuo Kikuu cha Kabianga, Kericho, kilichopata hati yake mwaka 2013, na mjini Bomet kuna chuo kilichoanza kama chuo kishiriki cha Moi. Wazazi wengi hutaka mtoto aende Nairobi kwa sababu ya jina. Jina lina faida yake, hasa kwa kuwa taasisi nyingi za kiuchumi ziko Nairobi na mihadhara ya wazi huko ni mingi. Lakini kodi ya chumba na nauli za Nairobi humaliza mkopo kabla muhula haujafika katikati, na mwanafunzi mwenye njaa hasomi hesabu. Anayesoma Kabianga anaweza kurudi nyumbani wikendi na kukusanya takwimu za mradi wake kwa nauli ndogo. Bidii ikiwa sawa, mimi sioni aibu yoyote ya kubaki karibu.

Hesabu ndiyo inayowaangusha

Kozi ni ya miaka minne, mihula miwili kila mwaka. Mwaka wa kwanza utakutana na utangulizi wa maikro, yaani uamuzi wa mtu mmoja, kaya, kiwanda au soko moja, na wa makro, yaani nchi nzima: mfumuko wa bei, ajira, deni la taifa, thamani ya shilingi. Pamoja nazo zinakuja hesabu za wanauchumi na takwimu, na hapo ndipo wengi huanza kupata sapu, yaani mitihani ya kurudia. Ekonometria, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi, huja baadaye, ikijengwa juu ya hizo mbili. Aliyeziruka mbili za kwanza kwa kukariri majibu ya mitihani ya zamani hukwama kabisa kwenye ya tatu.

Kwa hiyo miezi kati ya KCSE na kuripoti chuoni isipite bure. Rudia aljebra, logi, grafu, na sehemu ya mwisho ya hisabati ya kidato cha nne inayohusu kiwango cha mabadiliko na eneo chini ya mkunjo. Hiyo ndiyo kalkulasi, na uchumi wa chuo kikuu umesimama juu yake.

Kwa nini? Chukua mfano wa zizini. Tuseme kilo moja ya chakula cha ng'ombe ni shilingi 45 na lita ya maziwa ni shilingi 50. Kilo ya kwanza kwa siku inaongeza lita 2, ya pili inaongeza lita 1.5, ya tatu inaongeza lita 0.8. Mkulima anayejumlisha tu ataona kilo tatu zimemletea lita 4.3, yaani shilingi 215, naye ametumia 135, basi amepata faida ya 80 na anaridhika. Lakini angeishia kilo mbili angepata shilingi 175 kwa gharama ya 90, faida 85. Kilo ya tatu ilimlia shilingi 5 kila siku, na hesabu ya jumla ikaificha hasara hiyo. Mwanauchumi hufundishwa kuangalia nyongeza ya mwisho, si jumla wala wastani, na kalkulasi ni njia ya kuitafuta nyongeza hiyo pale ambapo huwezi kuhesabu kilo kwa kilo. Ukiuelewa mfano huu vizuri, umeelewa nusu ya maikro ya mwaka wa kwanza.

Takwimu nazo zina kiini chao. Wanachama wa chama cha maziwa hupata maziwa mengi kuliko wasio wanachama. Je, chama ndicho kilichoongeza maziwa, au wenye ng'ombe wazuri ndio waliojiunga? Namba zilezile zinaweza kusimulia hadithi zote mbili. Ekonometria nzima, pamoja na alama zake za Kigiriki, ni jitihada ya kuzitenganisha. Mhadhiri anaweza kukufundisha muhula mzima bila kukuambia hivyo, kwa hiyo jiambie mwenyewe kila unapofungua daftari.

Vitabu: Saleemi anauzwa kila duka na anafaa kwa mwanzo, lakini ukimaliza naye mwaka wa kwanza, muache hapo. Kwa hesabu, tafuta Chiang, au kitabu cha Mukras kilichochapishwa na Kenya Literature Bureau. Kwa maikro ya kati, Varian. Kwa ekonometria, Gujarati, ambaye wanafunzi wa Kenya wamemtumia kwa miaka mingi. Nakala za zamani ziko maktaba, na toleo la zamani halikupunguzii kitu. Mradi wa CORE Econ umeweka kitabu kizima cha utangulizi bure mtandaoni, na kizuri zaidi ni kwamba kinaanza na historia na takwimu halisi badala ya kuanza na michoro. Jifunze programu ya takwimu ya R mapema, maana ni ya bure. Stata ni nzuri lakini leseni yake ni ghali. Kompyuta ya mkononi iliyotumika inatosha kabisa.

Tena fanya maswali kwa mkono wako. Kundi la watu wanne wanaokutana mara mbili kwa wiki na kutatua maswali ubaoni lina faida kuliko kusoma peke yako hadi usiku wa manane.

Soma mambo ya kwenu darasani

Mwaka 2019 katika jarida la American Economic Review, Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello walichapisha utafiti kuhusu wafugaji wa Kiambu. Kule kulikuwa na wachuuzi wa maziwa waliolipa taslimu kila siku kwa bei nzuri, na chama cha ushirika kilicholipa bei ya chini mwisho wa mwezi. Wafugaji waliendelea kupeleka maziwa kwenye chama. Walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya malipo ya kila siku na ya mwezi, wengi mno walichagua ya mwezi. Walitaka pesa zikusanyike mahali wasipoweza kuzigusa, na hawakumwamini mchuuzi kuwatunzia.

Sasa lete utafiti huo huku kwetu. Mkulima wa chai hulipwa kiasi kidogo kwa kilo kila mwezi, halafu bonasi hufika karibu na Oktoba baada ya kiwanda kufunga hesabu za mwaka Juni. Pembeni kuna soko huru, anakonunua majani mtu mwenye gari na pesa mkononi. Darasani utasikia kwamba anayeuza soko huru ana haraka ya pesa, basi. Lakini mbona jirani yake mwenye shida zilezile hauzi huko? Mbona wengine huuza kilo chache tu huko na zilizobaki wanazipeleka kwenye kituo cha chai cha kiwanda? Ni nani anayeihesabu bonasi kama akiba ya karo, na ni nani ameshaichoka kwa sababu ya makato? Hayo ni maswali ya utafiti wa shahada ya kwanza, na mwanafunzi wa Bomet ana nafasi ya kuyajibu vizuri kuliko profesa aliyekuja kwa wiki mbili na mkalimani.

Mahindi nayo yana utafiti wake. Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walifanya kazi magharibi mwa Kenya na kuichapisha mwaka 2019. Wakulima huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kisha hununua mahindi miezi kadhaa baadaye bei ikiwa juu, kwa sababu karo na madeni hayasubiri. Waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweka mahindi ghalani na kuuza baadaye kwa faida. Na pale waliokopa walipokuwa wengi katika eneo moja, bei ya soko ilitulia, hata majirani wasiokopa wakanufaika. Mzazi wa Chebunyo au Siongiroi, hukohuko Chepalungu, hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Thamani ya utafiti ni kwamba uliipima.

Michael Kremer, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alifundisha shule ya sekondari Kakamega akiwa kijana. Moja ya kazi zilizomjengea jina, ya dawa za minyoo mashuleni, aliifanya Busia pamoja na Miguel kuanzia mwaka 1998. Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu zilizosomwa sana na wanauchumi wa dunia, ilhali majina ya Wakenya juu ya tafiti hizo ni machache mno kuliko ya waliobeba madodoso mlango kwa mlango. Hilo linanikera, na ni sababu moja ya kuandika mwongozo huu.

Mhadhiri akifundisha bei ya chini iliyowekwa kwa amri, andika pembeni kilichotokea kwenye chai. Julai 2021, bei ya chini ya chai za KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo, katika mnada wa Mombasa iliwekwa kuwa dola 2.43 kwa kilo. Baada ya muda chai isiyouzwa ikajaa maghalani, na baadaye bei hiyo ikaondolewa. Akifundisha soko la ajira, kumbuka Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa Kericho na waandamanaji waliopinga kupotea kwa vibarua. Akifundisha biashara ya kimataifa, uliza kwa nini bonasi za mashariki ya Bonde la Ufa huwa juu kuliko za magharibi, kisha usikubali jibu moja: kuna mwinuko, kuna ubora wa uchumaji, kuna madeni ya viwanda, kuna wanunuzi.

Historia nayo isome, hata kama chuo chako kimeipunguza. Waafrika hawakuruhusiwa kwa upana kupanda chai hadi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na KTDA iliundwa 1964. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ulioletwa Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi, ulisema fedha ziende mahali zitakapoongeza uzalishaji zaidi, penye ardhi nzuri na miundombinu. Barack Obama, baba wa rais wa zamani wa Marekani mwenye jina hilohilo, mwanauchumi mwenyewe, aliukosoa waraka huo mwaka uleule. Ukiusoma leo ukiwa umesimama Sigor, sehemu kame ya kaunti ya chai, utaelewa kwa nini barabara na viwanda vilifika vilipofika.

Pesa, alama na kazi

Omba mkopo na ufadhili mapema. Tangu 2023, serikali huwapanga wanafunzi kwa kiwango cha uhitaji, na fomu inauliza hali ya nyumbani kwa undani. Kaa na mzazi au mlezi mkiijaza, msikisie, na ukipangwa mahali pasipolingana na hali yenu, kata rufaa. Ulizia pia kama kuna basari ya eneo bunge na ya kaunti. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ni deni, kwa hiyo usilitumie kununulia simu.

Chuoni, saini karatasi ya mahudhurio ya kila mtihani na utunze kila kati, yaani jaribio la katikati ya muhula, uliyorudishiwa. Alama zinazopotea zimewachelewesha wengi kuhitimu.

Kuhusu kazi, nitasema wazi. Shahada ya uchumi peke yake haikufanyi mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu, ambaye lazima awe amesomea elimu. Benki huajiri, lakini huajiri pia wa kozi nyingine nyingi. Mahali unapopata ubora wako ni pale panapohitaji namba zisomwe: idara za mipango za kaunti, Shirika la Takwimu la Taifa, KIPPRA, taasisi ya utafiti wa sera ambayo ina mpango wa vijana wataalamu, mashirika ya utafiti yanayohitaji wasimamizi wa takwimu, Benki Kuu, sako kubwa. Mwai Kibaki, aliyekuwa rais wa Kenya, alianza na uchumi Makerere, akahitimu 1955 kwa daraja la kwanza, akafundisha hapo kabla ya siasa. Anayetaka shahada ya uzamili aijue AERC, muungano wa utafiti wa kiuchumi wa Afrika wenye makao yake Nairobi tangu 1988, unaoshirikiana na vyuo vingi katika masomo hayo. Lakini hakuna anayekupokea huko bila daraja la juu na bila ekonometria inayosimama.

Katika atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, usikimbilie jengo refu Nairobi ukaishie kupiga chapa. Ofisi ya takwimu ya kaunti, chama cha maziwa, au kiwanda cha chai chenye daftari za miaka kumi kitakufundisha zaidi. Omba ruhusa ya kutumia takwimu zao, kwa maandishi, na uahidi kuficha majina ya wakulima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 875,689 katika Bomet, na hesabu za sensa pamoja na tafiti za kaya zinapatikana kwa Shirika la Takwimu kwa anayeziomba. Unganisha takwimu hizo na zako.

Mradi wa mwaka wa nne ukikamilika, chapisha nakala mbili zaidi ya zile za chuo. Moja iweke maktaba ya shule uliyosomea sekondari. Nyingine ipeleke mwenyewe kwenye chama cha maziwa au kituo cha chai ulikopata namba zako, uketi na wakulima, uwaeleze ulichokikuta kwa Kiswahili au Kikipsigis. Waliokupa takwimu wana haki ya kuyajua majibu.